Kamera gani? Subirini kwanza niwaambie ya lile ziwa

Juzi nimeweka ile picha ya ziwa na ukungu, haijapita hata saa moja nimejaziwa swali lile lile, "kaka unatumia kamera gani?" Mmoja kaenda mbali zaidi, kaandika "kamera yako inapiga picha kali sana". Kamera yangu. Yaani mimi nilikuwa nimelala zangu, kamera ikaamka saa tisa usiku, ikavaa buti, ikashuka ziwani peke yake.

Haya, nitawajibu mwishoni. Kwanza mnisikilize, manake najua wengi wenu mnataka kupiga picha kama hiyo, na nyuma yake kuna aibu ambayo sijawahi kuisema.

Pale ziwani nimeenda mara tatu. Ya kwanza upepo tu, maji yamechafuka, nikarudi mikono mitupu. Ukungu wa ziwani unataka usiku wa anga safi, upepo umetulia, hewa ipoe kuliko maji. Siku hizi naangalia utabiri kwanza, zamani nilikuwa najiendea tu.

Ya pili nikaenda na mdogo wangu, yeye shida yake ilikuwa kutoka nyumbani tu. Usiku anga ikawa safi mno, tukapiga nyota, nikapandisha ISO, ile namba ya kamera kuukuza mwanga, mpaka 6400, nikafurahi, nikalala. Alfajiri giza bado halijaisha nimeshafunga tripodi, vidole ganzi, tundu la lenzi nimelibana f/11, na ukungu ndo unaanza kunyanyuka kwenye maji. Jua likachungulia nyuma ya mlima, ukungu wote ukageuka rangi ya papai bivu, na mtumbwi mmoja huyo ukakatiza katikati, jamaa anapiga kasia wala hana habari na sisi. Nikapiga, nikapiga, nikapiga. Dakika kumi hivi, jua likapanda, ukungu ukaisha.

ISO ilikuwa bado 6400.

Kwenye kiskrini cha kamera huoni kitu, picha zilikuwa zinapendeza kabisa. Nimekuja kuzifungua kwenye laptopu nikataka kulia. Chenga tupu, vile vidoti vidoti vinavyoletwa na ISO kubwa. Halafu ule weupe wa ukungu unaidanganya kamera, inadhani mwanga umezidi, kwa hiyo inapiga picha ya giza, sasa ukijaribu kuing'arisha zile chenga ndo zinakuja juu kama mchanga. Ningeongeza mwanga stopu moja tu, yaani mara mbili, na ISO ningeirudisha 100, basi.

Mdogo wangu je? Kapiga moja, na simu, amekaa kwenye jiwe hata kusimama hakusimama. Imetoka safi. Mama kaichapisha, kaitia fremu, iko ukutani sebuleni mpaka leo, na mgeni akiuliza mama anasema "hiyo kapiga mdogo wake, huyu ndo yule mwenye makamera". Mimi nimekaa hapo hapo kwenye kochi nasikia. Nimejaribu kumweleza mdogo wangu habari za ISO, akaniambia "kaka, simu yangu haijui hayo mambo".

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, na ndo huo huo mmoja. Usiku kabla hujalala irudishe kamera ilivyokuwa. ISO 100, memori kadi ndani (na hii imewahi kunikuta, kadi nimeiacha kwenye laptopu), betri ya pili mfukoni karibu na mwili kwa sababu baridi inazinyonya. Lenzi usiitoe kwenye joto la chumbani ukaifungua ghafla nje palipo baridi... hapana, hiyo ni kinyume, ni ukitoka kwenye baridi ukaingia kwenye joto na unyevu ndo kioo kinashika umande, iache kwenye begi kwanza. Na ISO. Angalia ISO.

Watu wanadhani nazungumzia vitu vidogo. Ansel Adams, Mmarekani yule wa picha za milima, mwaka 1941 kule New Mexico alikuta mwezi umepanda juu ya kijiji cha Hernandez na jua la jioni linawaka kwenye misalaba ya makaburini. Mita yake ya kupimia mwanga haikuonekana. Akakumbuka ung'avu wa mwezi kwa kichwa, akapiga hesabu pale pale, akapiga picha moja. Anageuza filamu apige ya pili, mwanga kwenye misalaba haupo tena. Sasa wewe huwezi kubadili ISO gizani bila kuwasha tochi halafu unaniuliza kamera gani. Acheni uvivu jamani. Kaeni sebuleni, zimeni taa, zungusheni hivyo vitufe mpaka vidole vijue vyenyewe.

Mara ya tatu nilienda peke yangu. Niliangalia ISO mara nne, nikapiga, ndo hiyo mliyoiona.

Kamera yenyewe niliinunua imeshatumika, raba ya kushikia ilibanduka nikaipiga gundi, na jina la kampuni pale mbele limefutika, zimebaki herufi mbili. Mdogo wangu naye kaiona picha, kanitumia ujumbe: "Hongera kaka. Ila ya kwangu ina mtumbwi."