Kabla hujachora bahari ya moto ubaoni

Nilipoanza ualimu, Mwanza, nilikuwa naichora dunia kama yai: ganda jembamba, chini yake uji mwekundu unaotokota. Siku moja mtoto wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, mbona sasa milima haizami?" Nikamwambia akae, tuendelee. Sikuwa na jibu.

Nilikuja kujua baadaye kwamba bahari yenyewe haipo. Mwamba ulio chini ya ganda ni mgumu karibu wote, ingawa joto lake lingetosha kuuyeyusha kama ungekuwa huku juu. Unaoushikilia ni mgandamizo wa mzigo uliolalia juu yake. Kwenye Bonde la Ufa ganda linavutwa huku na huku hadi linakuwa jembamba, na mwamba wa chini unapanda. Mgandamizo ukipungua, sehemu yake ndogo inayeyuka bila kuongezewa moto wowote. Hiyo ndiyo magma. Kwingine, kama Japani, kazi hiyo inafanywa na maji yanayozama pamoja na bamba la bahari, yaani kipande kikubwa cha ganda la dunia kilicho chini ya bahari. Yakiingia kwenye mwamba wa moto, unayeyuka kwa joto dogo zaidi.

Kwa hiyo mwalimu mwenzangu, futa yai, lete mawe. Mwanza huhitaji hata kuyatafuta. Vunja kipande cha jabali kwa nyundo (vaa miwani, mimi kigae kilinichana shavu), kioshe, kitoe juani. Utaona chembe nyeupe au za waridi, nyingine kama vioo vya kijivu, na vimeta vyeusi. Chembe zikionekana kwa macho, ujue magma ilipoa taratibu, chini sana, ikapata muda wa kuzikuza. Majabali yale yana zaidi ya miaka bilioni 2.5, na vilivyoyafunika vimeshamomonyoka.

Nilipohamia Arusha nikaongeza jiwe jeusi la kujengea msingi. Halionyeshi chembe, kwa sababu magma ikifika juu, ndipo tunaiita lava, hupoa haraka. Vitundu vyake ni gesi iliyokuwa ikitoka, kama soda ikifunguliwa. Jiwe la kusugulia visigino ndiyo hivyo hivyo, povu lililoganda. Kuonyesha jinsi obsidiani ya Naivasha inavyotokea, ile nyeusi kama chupa, dondoshea majini sukari ya kashata iliyoyeyuka: inaganda kioo papo hapo. Usimwachie mtoto, inaunguza vibaya.

Jiwe moja tu usilitunze kama mimi. Lava ya volkano ya Ol Doinyo Lengai imejaa magadi, na hutoka na nyuzi 500 hadi 600 hivi, nusu ya joto la lava ya kawaida. Rafiki aliniletea kipande cheusi tii, nikakifunga gazetini na kukitia kabatini. Ilikuwa masika. Siku ya kipindi nakifungua mbele ya darasa, cheupe, kinapukutika kama chokaa! Unyevu wa hewa tu. Cha pili kimo kwenye chupa ya kahawa yenye mfuniko wa kubana. Mwaka wa pili huu, upande mmoja bado ni mweusi.