Akselerometa nyeti ya kujitengenezea: anza na springi, chipu baadaye

Mkuu, umeuliza kwa nini MPU-6050 (chipu ya akselerometa, yaani kipima mchapuko) uliyoifunga juu ya mnara wa tangi la maji wa mita 12 inatoa namba zinazochezacheza tu, upepo uwepo usiwepo, na kama mtu anaweza kujitengenezea kitu nyeti zaidi. Anaweza. Ila piga hesabu kwanza kabla hujanunua chochote.

Tuseme mnara unayumba mara 2 kwa sekunde na kila upande unasogea mm 0.05. Mchapuko wake ni (2π × 2)² × 0.00005, yaani 0.0079 m/s², karibu mili-g 0.8 (g 1 ni mvuto wa dunia, mili-g ni sehemu yake ya elfu, maikro-g ya milioni). MPU-6050 ina kelele (mchezo wa namba wa chipu yenyewe) ya maikro-g 400 kwa kila mzizi wa hezi, na ukiiachia upana wa hezi 20 zinafika mili-g 1.8. Unachokitafuta kimezama humo. Chipu nyingine, ADXL355, ina maikro-g 22.5, kwa upana uleule ni mili-g 0.1 tu, kwa hiyo kama shida yako ni upepo wa kawaida, inunue hiyo ufunge mjadala. Cha kutengeneza mwenyewe kina maana ukitaka kushuka chini ya maikro-g 50, mfano kusoma mnara siku ambayo upepo umetulia.

Kifaa chochote cha aina hii ni tungamo lililoshikwa na springi. Fremu ikichapuka kwa a, tungamo linabaki nyuma kwa umbali wa a/ω², na ω ni masafa ya asili mara 2π. Usikivu unaamuliwa hapo. Kipande cha silikoni chenye masafa ya asili ya hezi 5,000 kikipata g 1 kinasogea nanomita 10 tu. Springi ya hezi 25 kwa g hiyohiyo inasogea mm 0.4, mara 40,000 zaidi. Gharama yake ni kwamba huwezi kusoma mitetemo ya kasi: kwenye hezi 2 kosa ni chini ya 1%, kwenye hezi 5 linafika 4%, na ukisogelea 25 kifaa kinaanza kuimba chenyewe. Kwa mnara, hezi 25 zinatosha kabisa. Uzito nao unasaidia: tungamo la gramu 50 kelele yake ya joto iko chini ya nano-g 1 kwa mzizi wa hezi, kwa hiyo hiyo isahau.

Kwa springi tumia majani mawili ya fila geji (vile vibati vyembamba vya chuma vya kupimia mianya), unene mm 0.10, upana mm 12.7, yaliyosimama sambamba na kuning'iniza tungamo katikati yake. Ukakamavu wake ni k = 2Ebt³/L³ (E ni ugumu wa chuma, b upana, t unene, L urefu huru). Kwa chuma (E = GPa 200) na urefu huru wa mm 16 unapata karibu N/m 1,240, na ukibeba gramu 50 (bamba la kati nitakalolieleza chini na kila kilichofungwa juu yake vikihesabiwa) inatoka hezi 25. Kule kuning'inia kunaongeza kama 1.5% hivi, si ya kukusumbua. Kinachosumbua ni unene, kwa sababu una kipeo cha tatu: jani lililoandikwa 0.10 likiwa 0.11, masafa yanaruka hadi karibu 29. Pima kwa maikromita, usiamini maandishi.

Majani yabane kwa vipande vya chuma na bolti za M3, na kingo za vipande hivyo ziwe kali, zisizo na mviringo. Usigandishe kwa araldaiti. Gundi inatambaa polepole na sifuri yako itahama siku baada ya siku bila kutulia. Ukikata jani kwa mkasi ukingo unajikunja, hivyo lisuguliwe juu ya kioo kwa msasa laini. Kipimo cha ubanaji mzuri ni hiki: sukuma tungamo hadi kizuizi cha kushoto, achia, soma, sukuma kulia, achia, soma. Namba mbili zikiachana kwa zaidi ya maikro-g 20, jani linateleza kwenye kibano. Weka vizuizi mm 0.15 kila upande, la sivyo siku kikidondoka majani yatakunjika.

Kusoma msogeo, tumia mabamba matatu ya bodi ya saketi iliyopakwa shaba (FR4), ya mm 25 kwa 25: mawili yamefungwa kwenye fremu, la kati linatembea na tungamo. Mwanya uwe mm 0.40 kila upande. Ingiza jani la fila geji la 0.40 wakati wa kukaza, kisha lichomoe. Kila upande unakuwa kapasita ya pikofaradi (pF) 13.8. Maikro-g 1 inasogeza bamba nanomita 0.4, na tofauti ya pande mbili inakuwa atofaradi 27 (atofaradi ni sehemu ya milioni ya pikofaradi). Chipu ya AD7746, ya kupima kapasiti, inaweza kutambua hadi atofaradi 4 ukiiendesha taratibu, inavumilia pikofaradi 17 za kudumu kila upande, na upeo wake wa kupima ni ±4 pF, ambayo kwa vipimo hivi ni kama ±0.14 g. Bamba la kati lipeleke kwenye pini ya EXC (inayotoa mawimbi ya kupimia), yale mawili kwenye pini za kusomea CIN+ na CIN−, washa hali ya tofauti, kisha weka CAPDAC zote mbili (kapasita za ndani za chipu za kutoa kiasi cha kudumu) ziondoe zile 13.8. Ukiipeleka kwenye kasi yake ya juu, kama sampuli 90 kwa sekunde, kelele zinapanda mara kadhaa. Sampuli 20 au 30 ndizo za kukaa nazo hapa.

Kabla ya kulaumu springi, toa waya za mabamba na weka kapasita mbili za 15 pF aina ya C0G (zisizobadilika na joto) mahali pake. Namba zikiendelea kucheza vilevile, tatizo liko kwenye umeme: mara nyingi ni chaja ya simu inayolisha saketi. Tumia betri na regyuleta ya kawaida isiyo ya swichi.

Hewa peke yake haitoshi kuwa breki. Kwa mianya hii mtikiso mmoja unalia kwa mizunguko mingi, kwa sababu Q (kipimo cha mtetemo unavyochelewa kufa) iko juu ya 80. Funga kibamba cha shaba nyekundu cha mm 2 kwenye tungamo kipite katikati ya sumaku mbili za neodimiamu zilizo kwenye fremu. Jozi moja inaishusha Q hadi karibu 10. Sumaku zikae angalau mm 50 mbali na majani, maana fila geji ni chuma na itavutwa. Kuna wanaoweka sumaku kwenye tungamo lenyewe. Matokeo yake kifaa kinasoma kila gari linalopita, si mnara.

Sasa joto, ambalo ndilo linaloua vifaa vingi vya namna hii. Chuma kinalegea karibu 0.03% kwa kila nyuzi moja. Kifaa kikisoma mlalo, hiyo ni 0.03% ya usomaji wako, hakuna hasara. Kikisimamishwa kusoma wima, springi inabeba g 1 nzima muda wote, na 0.03% ya g 1 ni maikro-g 300 kwa kila nyuzi! Ndiyo maana nakushauri ubaki na mlalo. Wima ni mradi mwingine kabisa, na hapo g 1 ingelivuta tungamo mm 0.4, sawasawa na mwanya wako wote. Kifaa kikae ndani ya sanduku la alumini, nje yake maboksi ya povu ya mm 40, kisipigwe jua, na usianze kurekodi kabla ya muda wa saa mbili kupita. Mkiwa Dar, Tanga au Mombasa ongeza silika jeli na uzibe sanduku, kwa sababu bodi ya FR4 inanyonya unyevu na kapasiti yake inahama nao.

Kalibresheni haihitaji maabara. Kitako kiwe na miguu mitatu, mmoja mbele, umbali wa mm 200 kutoka mstari wa miwili ya nyuma, na mhimili wa kipimo uelekee huo wa mbele. Sawazisha kwa pima maji, soma, kisha ingiza jani la mm 1.00 chini ya mguu wa mbele: umeinamisha 1/200, yaani mili-g 5. Usitumie jani la 0.20, kwa sababu kosa la mm 0.005 juu yake ni 2.5%. Ukigeuza kuwa m/s², zidisha kwa g ya mahali ulipo: Dar ni 9.781 na Nairobi karibu 9.775. Ile 9.807 ya vitabuni inakupa kosa la 0.3% bure.

Juu ya mnara mtego ni mwinamo. Kilele kikiyumba, kinainama pia, na kifaa hakijui tofauti. Kwa mnara wa mita 12 mambo hayo mawili yanalingana kwenye karibu hezi 0.18, chini ya hapo unasoma mwinamo, na jua likichoma mguu mmoja wa mnara utauona uleule. Chuja kila kilicho chini ya hezi 0.3. Halafu usijumlishe mchapuko mara mbili ili upate umbali: mili-g 1 ya sifuri iliyohama inakuwa mita 17.7 ndani ya dakika moja. Tafuta kilele kwenye spektra (mchoro wa ukubwa wa mtetemo kwa kila masafa), chukua mchapuko wake, gawa kwa (2πf)², f ikiwa masafa ya kilele hicho.