Kwa mnaoanza kazi ya maji Lamu

Wengi wenu mnakuja na ile makala ya mwanaikolojia Garrett Hardin ya 1968: mali ya wote huharibiwa na wote. Msimsome peke yake. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2009, alionyesha kwamba mali ya pamoja si mali isiyo na mwenyewe. Penye mipaka inayojulikana, watumiaji wanaoangaliana na adhabu inayoanza ndogo, mali hiyo hudumu vizazi.

Sasa tazameni vilima vya mchanga vya Shela, vinavyonywesha mji wa Lamu. Mvua huzama mchangani, na maji matamu, kwa kuwa ni mepesi, hukaa juu ya yale ya bahari. Kwa makadirio, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina kama mita 40 chini yake. Ukishusha mita hiyo kwa pampu, chumvi, ikipewa muda, hupanda karibu mita 40. Uchumi wote uko hapo. Mwenye pampu hulipia gharama zake tu. Chumvi humfikia jirani anayeteka kwa ndoo, na hakuna ankara inayomhesabu jirani huyo. Ikija pampu ya pili, ya kwanza huongeza kasi, maana atakachoacha huyu atavuta yule.

Kisha kuna ofisi. Kwa Sheria ya Maji ya Kenya ya 2016, kibali cha kuvuta maji ya ardhini hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ya taifa. Kusambaza maji ni kazi ya kaunti. Hati ya kiwanja kule mchangani hutoka kwingine kabisa. Anayeuza maji hufaidi akiuza zaidi, na mlinzi wa maji hayo yuko mlango mwingine. Naamini maji hupotelea hapo zaidi kuliko kwa ukaidi wa wenyeji.

Kwa hiyo msikimbilie kuitisha mkutano. Nendeni visimani alfajiri, mwaulize kina mama ni kisima kipi wanakihama kaskazi ikiisha, kabla ya masika. Onjeni, kisha pimeni chumvi palepale, na mrudie baada ya mvua. Namba ziandikwe ubaoni, karibu na msikiti, zisiishie kwenye ripoti. Anayeona chumvi ya kisima chake ikipanda atakuja mwenyewe kuuliza nani kaongeza pampu, na Sheria hiyohiyo ya Maji inampa pa kuulizia: jumuiya ya watumiaji maji.