Viti 53 vya Seneti, mbona mswada umekwama?

Ndugu, umeuliza inakuwaje chama chenye viti 53 kati ya 100 katika Seneti ya Marekani kishindwe kupitisha mswada wake. Kupitisha wenyewe kunataka wingi wa kawaida tu. Kikwazo ni kufunga mjadala: hapo zinatakiwa kura 60, na zisipopatikana mswada hauufikii upigaji kura wa mwisho. Siku hizi seneta wala halazimiki kusimama akahutubia usiku kucha. Wapinzani wakiwa 41 na msimamo mmoja, imetosha.

Kwa hiyo ukisoma kwamba "Seneti imekataa mswada", tazama kwanza ilikuwa kura ipi. Matokeo ya 54 kwa 46 kwenye kufunga mjadala ni kushindwa, ingawa wengi wameunga mkono. Halafu angalia kama ni mswada kweli. Uteuzi wa mawaziri na majaji hauhitaji 60 tena: kanuni ililegezwa 2013, kisha 2017 kwa majaji wa Mahakama ya Juu kabisa ya nchi.

Upo uchochoro mmoja, mswada wa maridhiano ya bajeti, unaopita kwa kura 51, au 50 na ya Makamu wa Rais. Lakini kila kifungu lazima kiguse mapato au matumizi ya serikali, tena athari hiyo isiwe ya kando tu. Ndivyo kima cha chini cha mshahara cha dola 15 kwa saa kilivyoenguliwa 2021. Kwangu mimi, kanuni ya 60 inawapa wanasiasa kisingizio kizuri mno: wanaahidi wakijua haitapita.