Usiku wa mwisho Yerusalemu, watoto waanze kusema

Swali la wiki lilikuwa: familia za sinagogi moja zikienda hija Yerusalemu pamoja, zifanye nini ili safari isiishie kwenye picha na mifuko ya zawadi?

Kikao cha tafakari kifanyike usiku wa mwisho, hapo hapo Yerusalemu. Kisiachiwe basi la kwenda uwanja wa ndege. Ndani ya basi anayesema ameshika kipaza sauti huku kawapa wenzake kisogo, mama anapekua mkoba akitafuta pasipoti, watoto wamelala. Kumbukumbu la Torati 16:7 inamwambia aliyekula Pasaka ageuke asubuhi ndipo aende hemani kwake, na marabi wakaelewa kwamba hujaji akishatoa sadaka lazima alale mjini kabla ya kuondoka. Usiku huo una haki yake.

Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye tiketi. Chagueni ndege ya Jumapili, maana Jumamosi usiku kuna Havdala, ibada fupi ya kuiaga Sabato, na hakuna mlango mzuri zaidi wa kuingilia kikao hiki. Inahitaji kikombe cha divai au juisi ya zabibu kilichojaa hadi kumwagikia sahani, viungo vya kunusa (karafuu zinatosha kabisa), na mshumaa wenye tambi zaidi ya moja. Mkikosa ule uliosukwa, shikeni miwili ya kawaida mpaka ndimi za moto ziungane. Baraka zinakwenda hivi: divai, viungo, moto, halafu ya kutenganisha kitakatifu na cha kawaida. Kwenye moto kila mtu hukunja vidole na kutazama mwanga ukimeta kwenye kucha zake. Hapo hata mtoto mtundu hutulia. Mshumaa huzimwa kwenye divai iliyomwagika sahanini.

Msiwashe ndani ya ukumbi wa hoteli, king'ora cha moshi kitalia. Nendeni uani au kwenye roshani, watu wazima wasimame upande unaotoka upepo. Mshumaa huo hudondosha nta nyingi, basi kata duara la kadibodi, toboa katikati, upitishe mshumaa, ndipo umpe mtoto ashike.

Kinachoharibu vikao vingi ni saa. Sabato inakwisha nyota tatu zikionekana. Desemba mjini Yerusalemu hiyo ni kama saa kumi na moja na robo jioni, lakini Julai ni karibu saa mbili na nusu usiku, na wa miaka mitano ameshalala. Wakati wa kiangazi, wadogo wasikilizwe mapema, kwenye mlo wa tatu wa Sabato, ule wa Jumamosi alasiri, kwa mdomo tu, kwa sababu makutaniko yanayoshika desturi hayaandiki wala kupiga picha siku hiyo. Kadi za kuandika zimalizwe Ijumaa. Na hapo mjihadhari: Yerusalemu mishumaa ya kuianza Sabato huwashwa dakika 40 kabla ya jua kuzama, na waliozoea dakika 18 za kwao hukutwa bado wana kalamu mkononi.

Familia kumi na mbili zitengewe saa nzima. Aanze mdogo kuliko wote, mkubwa afunge. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, iliagiza hivyo kwa mahakama ya kesi za adhabu ya kifo, wadogo watoe rai kwanza wasije wakaburutwa na wakubwa. Rabi akianza, watoto watarudia aliyosema. Watu wazima wapewe dakika mbili mbili, na anayeshika saa asione haya.

Msiulize "umejifunza nini?" Jibu lake ni "nimefurahi", na mazungumzo yamekwisha. Ulizeni: ni wapi ulichoka ukatamani kurudi nyumbani? Ni nani wa familia nyingine aliyekusaidia? Hili la pili ndilo ninalolithamini kuliko yote, kwa kuwa watu hawa watakaa tena kwenye viti vile vile vya sinagogi wiki ijayo. Kijana wa miaka kumi na minne aketi na mtu mzima asiye mzazi wake. Mbele ya mama atanyamaza.

Kumbukeni pia kwamba si wote walioona yale yale. Yad Vashem, makumbusho ya Wayahudi waliouawa na Wanazi, hayaruhusu walio chini ya miaka 10, na kwenye Ukuta wa Magharibi, mabaki ya uzio wa Hekalu la kale, wanaume na wanawake husali mbalimbali, hivyo mama aliyekuja peke yake na mwanawe wa miaka 13 alitenganishwa naye. Familia zikitaka kuuaga Ukuta pamoja, ziende sehemu ya kusini, kwenye Tao la Robinson, ambako wote husali mahali pamoja. Na mtoto akiuliza karatasi ya maombi aliyoichomeka kwenye nyufa za Ukuta itakwenda wapi, aambiwe ukweli: hukusanywa mara mbili kwa mwaka, kabla ya Pasaka na kabla ya Mwaka Mpya wa Kiyahudi, na huzikwa Mlima wa Mizeituni.

Karafuu zilizonuswa usiku ule zigawanywe, kila familia ifunge kiasi cha kijiko kimoja kwenye kitambaa. Zitumike kwenye Havdala ya Jumamosi ya kwanza nyumbani.