Gegedu limejengwa “na” protini au “kwa” protini?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa baiolojia mkoani Tanga. Naandaa maelezo ya Kiswahili kuhusu gegedu, ile tishu laini lakini ngumu kiasi iliyoko kwenye maungio, puani na masikioni. Niliandika: “Gegedu limejengwa na protini.” Mwenzangu anayefundisha Kiswahili akakata “na”, akaandika “kwa”. Nikizisoma zote mbili naona zinapita, na bado zote mbili zinanikera. Ipi ni sahihi? Pia, naweza kusema kwamba ufupi wa baadhi ya watu “husababishwa na ukosefu wa protini ya COMP”?

JIBU: Mwalimu, mwenzako kasema kweli, ila kaishia nusu ya njia.

Tuanze na alichokiona yeye. Kitenzi kikiwa katika kauli ya kutendwa, “na” humleta mtenda, “kwa” huleta kitu kilichotumika. Mkeka umesukwa na bibi. Mkeka umesukwa kwa ukindu. Ukisema mkeka umesukwa na ukindu, atatokea mtu akuulize huo ukindu una mikono mingapi. Kwa hesabu hiyo protini ni ukindu wa gegedu, na sentensi yako ilistahili kalamu nyekundu.

Kuna “na” nyingine, hata hivyo, ambayo mwenzako ameisahau. Tunasema “kamati imeundwa na wajumbe saba” na “maji yameundwa na haidrojeni na oksijeni”, wala hakuna anayeshtuka. Hapo “na” haimtaji mtenda, inataja sehemu za kitu. Matumizi hayo yameshakaa kwa kitenzi “unda”. Kwa “jenga” bado hayajakaa: mtu akisikia “imejengwa na”, sikio lake linamtafuta fundi. Basi “gegedu limeundwa na maji, kolajeni na agrikani” sina ugomvi nayo (hizo mbili za mwisho ni protini za gegedu), na ni vizuri kuanza na maji, maana katika gegedu la maungio ndiyo yanayochukua kati ya asilimia 65 na 80 ya uzito. “Limejengwa na protini” naiacha.

Nadhani najua ilikotoka. Tangu shule ya msingi tumekaririshwa vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili, na protini, au utomwili kama walivyoiita waliotutangulia, ikawa ndiyo mjenzi. Ubaoni ile kauli inafaa. Kwenye gegedu inapotosha, kwa sababu protini unayokula humeng’enywa kwanza, ikavunjwa kuwa asidi amino, ndipo seli zikaunda zile zinazozihitaji. Kolajeni ya supu ya makongoro haishuki moja kwa moja hadi gotini, hata muuzaji akuapie.

Fundi basi ni nani? Ni seli za gegedu zenyewe, kondrosaiti. Kwa mtu mzima ni chache mno, huchukua asilimia chache tu za ujazo wa gegedu la maungio, na kila moja imekaa mbali na wenzake. Hakuna mshipa wa damu unaozifikia. Chakula chake huzifikia kwa kupenya kidogo kidogo kupitia maji. Pamoja na uchache huo, ndizo zinazotoa karibu vyote vinavyozizunguka. Sentensi inayotenda haki kwa kila upande ni hii: “Gegedu hujengwa na kondrosaiti kwa kolajeni, agrikani na protini nyingine.” “Na” imepata mtu wake, “kwa” imepata vitu vyake.

Ningeishia hapa kama protini zingekuwa ukindu wa kawaida. Hazikuwa.

Chukua kolajeni ya aina ya II, ambayo ndiyo nyingi kuliko kolajeni zote za gegedu la maungio. Molekuli yake ni minyororo mitatu iliyosokotana, na katika kila mnyororo asidi amino ya tatu, kila mara, ni glisini. Ndiyo ndogo kuliko zote, na ni hiyo peke yake inayoenea pale katikati ya msokoto. Seli huitoa molekuli hiyo ikiwa na vipande vya ziada kwenye ncha zote mbili. Vimeng’enya huvikata. Vikishakatwa, molekuli hulala sambamba, kila moja ikiwa imesogea kidogo mbele ya jirani yake, zikawa uzi. Hakuna anayezilaza. Hata kwenye chupa ya maabara, kolajeni iliyoyeyushwa hufanya nyuzi bila seli yoyote, mradi joto na kiwango cha asidi viwe sawa.

Hapa “kolajeni hupangwa” ni tafsiri mbovu ya kinachotokea. Mtenda na mtendwa ni mmoja, na Kiswahili kina kiambishi cha hali hiyo: kolajeni hujipanga. Ningependa wanafunzi wako wakione hicho “-ji-” kikifanya kazi, kwa kuwa kimebeba somo zima la kemia kwa silabi moja.

Halafu kuna protini ambazo kwa kweli zinastahili “na”. COMP ni mojawapo. Ina mikono mitano, na kila mkono unaweza kushika molekuli ya kolajeni. Inazikusanya, inazisogeza karibu, zinaungana upesi kuliko ambavyo zingeungana zikiachwa. Kuna pia kolajeni ya aina ya IX, inayokaa juu ya uzi na kuchomoza nje, na matrilini, zinazounganisha uzi na vitu vinavyouzunguka. Kwa hizi naandika bila wasiwasi: “Nyuzi za kolajeni hupangwa na COMP na wenzake.” Si malighafi tu tena, zinasimamia kazi. Mwalimu wa Kiswahili atakuambia protini haina utashi, itakuwaje mtenda? Mjibu kwamba mti huangushwa na upepo, na upepo nao hauna utashi.

Agrikani ndiyo itakayokusumbua zaidi. Ni protini ndefu iliyosheheni minyororo ya sukari kama mia moja hivi, yenye chaji hasi zinazovuta maji. Maji yanapoingia gegedu linataka kuvimba, nyuzi za kolajeni zinalizuia, na mvutano huo ndio unaolifanya libebe uzito wako unaposhuka ngazi. Lakini agrikani haikai peke yake. Hushika uzi mrefu wa hayaluroni, ambao si protini, na mshiko huo hukazwa na protini nyingine ndogo iitwayo protini kiungo. Ukilieleza hilo kwa kauli ya kutendwa utapata hii: “Agrikani hushikamanishwa na hayaluroni na protini kiungo.” Nani kamshikamanisha nani? “Na” ya kwanza ni ya wenza, ya pili ni ya mtenda, na msomaji hana njia ya kujua. Igeuze: “Protini kiungo huishikamanisha agrikani na hayaluroni.” Imebaki “na” moja, na kazi yake haina utata. Na ukitaka kutaja matokeo tu bila kumtaja mtenda, sema “agrikani hushikamana na hayaluroni”. Ukiona “na” mbili zinafuatana katika sentensi ya sayansi, jaribu kauli ya kutenda kabla ya kufanya lolote jingine.

Sasa swali lako la pili. Baada ya “husababishwa”, “na” ni sahihi kabisa. Kisicho sahihi ni “ukosefu”. Ufupi unaozungumzia ni wa sudoakondroplasia, ugonjwa wa kijeni wa ukuaji wa mifupa. (Usiuchanganye na akondroplasia, unaojulikana zaidi, huo hutokana na mabadiliko katika jeni ya FGFR3.) Wenye sudoakondroplasia hawakukosa COMP. Wanayo, ila imeundwa vibaya: inakwama ndani ya kondrosaiti, inarundikana, seli zinakufa, na mifupa inashindwa kurefuka kama ilivyotakiwa. Panya wa maabara walioondolewa jeni ya COMP kabisa walikua na mifupa ya kawaida. Kuikosa, basi, kuna nafuu kuliko kuwa nayo mbovu, na neno “ukosefu” linampeleka mwanafunzi upande usio wake. Andika: “husababishwa na protini ya COMP yenye kasoro.”