Kwa nini mazoezi yanaishia wiki ya tatu? Tunajibu maswali yenu

Maswali ya safari hii yametoka Bwiru, Buzuruga, Isamilo, Nyegezi na kwa wafanyabiashara wa soko la samaki la Mwaloni, hapa Mwanza. Karibu yote yanazunguka jambo moja: ari ya mazoezi na ya kula vizuri inapatikana wapi? Tunaanza na aliyeuliza waziwazi.

Kila mwanzo wa mwezi naanza kukimbia kwa nguvu, saa nzima kila asubuhi. Ikifika wiki ya tatu sijui hata viatu viko wapi. Nakosea wapi? (Dada wa Bwiru)

Ari unayo, dada, tena unaimaliza yote wiki ya kwanza. Mwili ambao haukuzoea, ukikimbizwa saa nzima, huuma zaidi siku ya pili na ya tatu. Unajikaza, unapanda mzani, haujasogea. Kisha inakuja asubuhi moja ya mvua. Maumivu, mzani na mvua vikikutana, unaacha, halafu unajiita mvivu.

Anza na kitu kidogo kiasi kwamba utaona aibu kukiacha. Wiki mbili za kwanza tembea kwa kasi dakika 15, siku nne kwa wiki. Kasi inayofaa ni ile unayoweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Kila baada ya wiki mbili ongeza dakika 5. Ukifika dakika 30 kwa siku tano, hizo ni dakika 150 kwa wiki, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kwa mtu mzima, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili. Kukimbia kutakuja baadaye: dakika 1 mbio, dakika 2 kutembea, mara tano au sita.

La pili ni saa. "Nitafanya asubuhi" si mpango. Shikiza mazoezi kwenye jambo ambalo tayari hulisahau: "nikishamfikisha mtoto shuleni, narudi kwa njia ndefu", au "nikishafunga duka, navaa raba kabla sijakaa". Anayepanga kutoka saa 11 alfajiri akumbuke kwamba Mwanza tuko magharibi, jua letu huchomoza kati ya saa 12 na nusu na saa 1 kasoro. Utatembea gizani zaidi ya saa nzima, na hofu ya barabara peke yake inatosha kukurudisha kitandani. Jioni kuna mwanga mpaka baada ya saa 12 na nusu, itumie.

Siku ya mvua uwe na mpango wa ndani uliokwisha kuuamua, usije ukaanza kuutafuta huku unaitazama mvua dirishani: kaa na kuinuka kitini mara 10, pushapu za ukutani mara 10, planki (kujiinua kifudifudi kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili ukiwa umenyooka) sekunde 20, rudia mizunguko mitatu. Haizidi dakika 10.

Na ukikosa siku? Watafiti wa London waliochapisha kazi yao mwaka 2010 waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wanajijengea tabia mpya. Kwa kawaida ilichukua kama siku 66 tendo kuanza kujiendesha lenyewe, wengine siku 18, wengine makadirio yalifika 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo zile "siku 21" unazosikia mitaani zinawaumiza watu bure, maana siku ya 22 wakiona bado ni kazi, wanadhani wameshindwa. Sisi tunashika kanuni moja tu: usikose mara mbili mfululizo. Siku mbaya kabisa, fanya dakika tano na uhesabu kwamba umefanya.

Tunakula sinia moja, ugali na mboga. Nikila kidogo, mama mkwe anauliza kama naumwa. Nimepungua kilo tatu, majirani wameanza kunong'ona. (Mama wa watoto watatu, Nyegezi)

Pole, mama. Hili linawarudisha nyuma watu wengi kuliko uvivu, kwa sababu kwetu kunenepa ndiko kunakosifiwa. Usipigane na sinia, badilisha kilichomo. Mpishi ni wewe, na hapo ndipo penye nguvu yako.

Anza na mafuta. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori 120 hivi, na wengi wetu tunamimina kwa macho moja kwa moja kutoka kwenye dumu. Pima. Kwa familia ya watu sita, vijiko vinne vinatosha mboga ya mlo mmoja, na kwa kipimo hicho lita moja inatosha milo kama 16. Siku za kwanza mchuzi utaonekana mkavu. Ongeza nyanya na vitunguu, kaanga taratibu kwa moto mdogo ukiwa umefunika sufuria. Nyanya zitatoa maji yake.

Kisha ongeza majani. Badala ya fungu moja la mchicha au matembele pika mawili. Yakiiva hunywea sana. Ugali uwe wa dona inapowezekana, kwa sababu pumba na kiini cha mahindi vimebaki humo na unashibisha mapema. Wewe mwenyewe anza na mboga na samaki, tonge la ugali lifuate. Ukimega matonge madogo na kuchovya taratibu, mkono unaendelea kwenda sinia kama wa wengine na hakuna atakayehesabu. Kipimo cha ugali kwa mama anayepunguza uzito ni kama ukubwa wa ngumi zake mbili kwa mlo.

Mama mkwe mwambie mapema, tena kwa heshima, kwamba umeamua mwenyewe kupunguza. Ukikaa kimya, watu watajitungia sababu. Ila kama kilo zinashuka bila wewe kukusudia, au kuna kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku, kiu na kukojoa sana, nenda kituo cha afya ukapime kifua kikuu, sukari na VVU.

Mimi ni bodaboda Buzuruga. Asubuhi chai ya rangi, mchana sina muda, usiku chipsi mayai na soda. Nitakulaje vizuri barabarani?

Kaka, kosa liko asubuhi, usiku ni matokeo tu. Ukishinda na chai peke yake, saa 2 usiku hakuna mwenye akili anayechagua kachumbari. Kabla ya abiria wa kwanza kula kitu kinachokaa tumboni: viazi vitamu au muhogo wa kuchemsha na mayai mawili, au supu ya samaki na chapati moja. Mchana usisubiri njaa: hindi la kuchoma, ndizi mbivu mbili, karanga za kujaza kiganja. Maji lita moja na nusu kwa siku, zaidi ukiwa juani muda wote.

Usiku, kama lazima chipsi, agiza nusu sahani, ongeza kachumbari, na mwambie mpishi asimimine mafuta mengine kwenye kikaango cha mayai. Mishikaki na ndizi za kuchoma ni bora zaidi. Soda ya mililita 350 inabeba sukari ya vijiko karibu tisa vya chai. Usiiache ghafla ukaja kuifidia na mbili wikiendi: wiki hii siku moja ndiyo na siku moja hapana, wiki ijayo mara mbili tu.

Magoti yananiuma nikitembea milima ya Isamilo. Niache?

Yanauma ukipanda au ukishuka? Mara nyingi ni kushuka, kwa sababu paja linafanya kazi ya breki na goti linabeba mzigo kila hatua. Panda mlimani, lakini shuka kwa hatua fupi, goti likiwa limekunjwa kidogo, au rudi kwa njia yenye mteremko mdogo. Wiki chache tembea tambarare ya kando ya ziwa huku ukiimarisha mapaja kwa lile zoezi la kukaa na kuinuka kitini. Goti likivimba, likikwama au likikosa nguvu ghafla, acha na ukaonwe hospitali.

Kwa nini nilipie bwawa la hoteli wakati ziwa liko hapa? Nataka kuogelea kila siku.

Kwa sababu ya kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wanaoishi kwenye maji ya pembeni, hasa penye majani, na hupenya ngozi kwa dakika chache tu. Kujifuta haraka kwa taulo si kinga ya kutegemea. Kichocho cha ufukweni kwetu ni kile cha tumbo: maumivu, kuhara, damu kwenye choo, na miaka ikipita, ini na bandama kuvimba. Wengi hawaoni dalili yoyote mwanzoni.

Kama tayari umekuwa ukiogelea ziwani, pima choo na ueleze historia yako. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, hutolewa kwa uzito wa mwili, lakini haiui vizuri minyoo michanga, ndiyo maana anayeimeza kesho yake baada ya kuogelea hajajikinga. Kwa kawaida husubiriwa wiki sita hadi nane tangu mara ya mwisho kuingia ziwani. Lipia bwawa, hata mara mbili tu kwa wiki.

Nasimama Mwaloni tangu alfajiri, kazi ni kubeba na kupanga samaki. Bado nahitaji mazoezi? Na kayabo nile?

Kubeba ni kazi ya nguvu, ihesabu. Kusimama peke yake usikuhesabu. Unachokosa ni mwendo wa kasi usiokatika, kwa hiyo shuka daladala vituo viwili kabla ya nyumbani na ujinyooshe mgongo ukifika.

Kayabo, yaani samaki waliokaushwa kwa chumvi, kula mara mojamoja. Kiwango cha chumvi kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai pamoja na ile iliyomo ndani ya chakula. Loweka usiku kucha, mwaga maji, badilisha mara mbili, kisha pika bila kuongeza chumvi yoyote. Dagaa wakavu wasiotiwa chumvi ni chaguo zuri zaidi la kila siku: kwa kuwa unawala na mifupa yao, unapata madini ya kalsiamu. Waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara tatu mchanga uishe, wakaange kwenye kikaango kikavu hadi wanukie, ndipo waingie kwenye nyanya. Wakilowekwa muda mrefu hulegea na kuvunjikavunjika.